Nilivyolimaliza Sanduku la Vitenge la Mama Zaina

Nina miaka arobaini na mitatu. Ni fundi cherehani hapa Bujumbura, nimezaliwa Buyenzi, baba yangu fundi, babu yangu fundi. Nilipooa nilihamia Kinama kwa sababu ndiko nilikoimudu kodi ya nyumba. Ninyi mnaosoma haya hamnijui, nami siwajui, na afadhali iwe hivyo. Haya ninayowaambia sijamwambia hata imamu wa msikiti wetu.

Wengi wanaoandika mikasa yao husema walisalitiwa. Mimi hakuna aliyenisaliti. Msaliti ni mimi! Mkitaka kunitukana, tukaneni tu, nimezoea. Ila someni mpaka mwisho...

Mke wangu anaitwa Hadija, lakini mtaani wanamwita Mama Zaina, kwa jina la binti yetu wa pekee. Kila asubuhi alikuwa akikaanga mandazi mbele ya nyumba, na alikuwa na sharti lake ambalo hata mvua haikulivunja. Pesa ya mandazi kumi ya mwisho si ya unga, si ya mafuta, si ya kodi. Ni ya sanduku! Siku wateja wakikosekana na hayo kumi yakabaki, basi siku hiyo yeye anakunywa chai bila sukari hadi pengo lizibike.

Nilikuwa namcheka jamani. Namwambia, we mwanamke, utakufa na ubahili. Naye ananijibu hapo hapo, bila kuinua macho kwenye karai.

"Akiba haiozi, baba Zaina. Kinachooza ni mudomo."

Hakuweka pesa. Pesa, alisema, hata ukiifungia ndani inapungua yenyewe, leo inanunua kilo ya mchele, mwakani inanunua nusu. Akifikisha bei ya kitenge kimoja cha waksi ya kweli, ile isiyochuja rangi, pisi nzima ya yadi sita, siku hiyo hiyo anakinunua na kukilaza sandukuni. Wanawake wengi wa kwetu hufanya hivyo, na mama yake alifanya hivyo. Siku ya shida unakipeleka sokoni na lebo yake na mkunjo wake wa dukani, unarudi na pesa mkononi.

Ndiyo maana kitenge cha sanduku hakikunjuliwi. Ukishakikunjua mnunuzi anajua, na bei inaanguka. Hadija alikuwa anavipanga kimoja juu ya kingine, lebo zikitazama nje, na chini anatia karafuu kufukuza wadudu. Hakuvigusa tena.

Sanduku lilikuwa la mambo matatu tu: ugonjwa, kifo, na kufukuzwa nyumba. Harusi ya ndugu? Apana. Nguo ya Idi? Apana! Kwa zaidi ya miaka kumi mwanamke huyo alivaa vitenge vya bei rahisi huku vile vizuri vimelala, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Aliyemuuzia vyote ni Mama Furaha. Huyu ni Mkongomani, alikimbia vita huko Kivu na watoto watatu, akaanza maisha hapa kwa kubeba vitenge begani nyumba kwa nyumba. Anavifuata Uvira, ng'ambo ya mpaka. Yeye Mkristo, sisi Waislamu, lakini Idi anakula kwetu na Noeli tunakula kwake. Hadija alimwamini kuliko dada zake wa tumbo moja.

Na ufunguo je? Ufunguo ulikaa kwenye kopo la karafuu, juu ya kabati. Hakunificha! Wiki ile ile tuliyooana alinionyesha, akasema, "Kama mi nakufa, we ujue uko wapi." Mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu nageuza uso.

Sasa sikieni nilivyoanza.

Nilikuwa na mteja mmoja wa Kinindo, madamu wa nyumba kubwa karibu na ziwa, mwenye gari lake. Alikuwa ameniletea pisi ya waksi nimshonee gauni la harusi ya mdogo wake. Ua la bluu lenye jicho la njano katikati. Nilijisifu mtaa mzima kwamba watu wa Kinindo sasa wananitafuta mimi. Hata Hadija nilimtambia, nikamwambia aachane na mandazi, mume wake ameshafika.

Umeme ulikatika siku tatu. Nikanyoosha kwa pasi ya makaa. Nikageuka kidogo tu kumjibu mtu mlangoni, na pale nyuma kaa likadondoka... Niligundua kwa harufu. Tundu jeusi katikati ya kifua cha gauni!

Ningeenda nyumbani nikamwambia mke wangu. Angepiga kelele, angeniita majina yote, halafu angetafuta njia. Namjua. Lakini ningemwambiaje, mimi niliyemtambia juzi? Niliona aibu. Waliosema mficha uchi hazai walikuwa wananisema mimi.

Nikakumbuka kwamba sandukuni kuna ua lile lile la bluu.

Hadija alikuwa msibani kwa jirani. Nilichukua kopo, nikamwaga karafuu kiganjani, nikautoa ufunguo. Mikono haikukataa, wallahi! Nilichomoa ile pisi kutoka katikati. Kisha nikaenda kununua kopi yake, kwa sababu hawa wanaotengeneza kopi wanaiga kila ua, na kopi haifiki hata robo ya bei. Nikaibandua lebo ya kweli kwa mvuke wa birika, nikaibandika kwenye kopi kwa uji wa mhogo. Nikaikunja mkunjo ule ule wa dukani. Mimi ni fundi bwana... ukizitazama zimepangana, usingejua.

Kitu kimoja nakikumbuka. Ile pisi ya kweli, kwenye pembe moja, ilikuwa na kiuzi chekundu kidogo kimeshonwa mara mbili. Fundi akiona uzi umekaa mahali usipohusika, mkono unakwenda kwenye mkasi wenyewe. Nilikikata, nikakipuliza kikaanguka chini. Sikujiuliza kilikuwa cha nini.

Madamu alifurahi. Akanipa na bahasha juu. Mimi nikaapa kwamba mwezi haungeisha kabla sijanunua pisi ya kweli na kuirudisha mahali pake.

Mwezi uliisha.

Rafiki wa yule madamu akaja. Naye anataka waksi ya kweli, hataki kwenda kupekua sokoni, anataka fundi amtafutie. Nikamwambia subiri siku mbili, nitakutafutia. Mnajua nilikwenda kutafuta wapi...

Ya kwanza niliiba kwa shida. Ya pili niliiba kwa sababu ya kwanza ilikuwa rahisi! Baada ya hapo nikazoea. Nilikuwa nangoja tu Hadija aende kisimani kwa jirani, au kwenye harusi, au sokoni kununua unga. Birika, mvuke, uji wa mhogo. Pembeni kila mara kuna kiuzi chekundu, na kila mara mkasi wangu unakikata.

Mtauliza pesa zilikwenda wapi. Sikunywa pombe, sikuwa na mwanamke wa nje, namshukuru Mungu kwa hilo dogo. Pesa zilikwenda kwenye vikao vya harusi. Hapa kwetu mtu akioza mtoto, wanaume wanakaa, majina yanasomwa, na kila mmoja anatangaza mchango wake mbele ya wenzake. Miaka yote nilikuwa nasema kiwango cha chini kwa sauti ya chini. Sasa nikawa nasikia: "Fundi Saidi!" Makofi! Nikawa nakalishwa mbele na wenye maduka na wenye gereji. Mzee mmoja aliwahi kunishika bega akaniambia baba yangu angejivunia. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea katikati ya njia.

Na nyumbani mke wangu anakunywa chai bila sukari ili sanduku lipate mandazi kumi.

Vilikuwa kumi na vinane. Nilichukua kumi na vinne! Vinne vya juu sikuvigusa, maana ndivyo vilivyo karibu na macho.

Kabla ya Ramadhani Hadija alikuwa na desturi ya kulifungua sanduku lipate hewa. Mwaka ule nilikuwa nimekaa mlangoni nashona kifungo. Nilimsikia akiinua kifuniko. Halafu akanusa... Nikajichoma kidole kwa sindano. Akasema kwamba mwaka huu sanduku linanuka tofauti, linanuka kama mafuta ya taa. Kopi ndivyo zinavyonuka, rangi yake ni ya hovyo.

Nilimwambia ni joto.

Aliinama, akanusa tena. Zaina alikuwa karibu naye, akaingiza kichwa chake chote ndani ya sanduku, akacheka, akasema kweli linanuka. Hadija akaongeza karafuu, akafunga. Akampakata mtoto, akamwambia kwamba mali ile yote ni yake, siku akipata shida popote duniani, mama yake ameshamtangulia. Nami nilishona kifungo kile kile mara ya pili.

Kuanzia hapo sikupata usingizi mzuri. Mtoto akikohoa nashtuka. Mwenye nyumba akipita nashtuka. Kila jambo dogo naliuliza moyoni: ndiyo wewe? Ndiyo siku yenyewe? Niliacha kuchukua, lakini kurudisha nilishindwa. Waksi ilikuwa imepanda bei mara mbili, na kule kwenye vikao jina langu lilikuwa limeshazoeleka, siwezi tena kurudi kwenye kiwango cha chini! Mnaona upumbavu? Niliogopa macho ya wanaume wa kikao kuliko nilivyoogopa hilo sanduku.

Siku yenyewe ilikuja Jumanne.

Zaina, wakati huo ana miaka tisa, alirudi shuleni mapema ameshika tumbo. Zahanati ya mtaani wakampa dawa ya minyoo. Jumatano akatapika mchana kutwa. Alhamisi asubuhi hakuweza kunyoosha mguu wa kulia, na alipoguswa tumbo alipiga ukelele ambao sitausahau. Mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani mjini wiki hizo. Nilimbeba mgongoni hadi barabara kubwa, tukasimama hadi saa nne ndipo tukapata gari. Njia nzima alikuwa ananiomba msamaha kwa kunitapikia shati.

Hospitalini, sitaitaja ni ipi, daktari alimgusa mara moja tu. Kidole tumbo, akasema, na inaonekana kimeshapasuka. Apasuliwe leo hii, kila saa inayopita ni hatari. Wakatuandikia pesa ya kutanguliza kabla ya kupasua, pamoja na dawa na nyuzi na glavu. Nilipoiona ile karatasi niliisoma mara mbili. Nilikuwa na nauli tu.

Nikaanza kulia, mwanaume mzima, pale kwenye benchi. Na Hadija, mke wangu, akanishika mkono. Alikuwa mtulivu kama mtu aliyejiandaa kwa mtihani huo maisha yake yote. Akaniambia:

"Usilie, baba Zaina. Tuko na sanduku."

Wasomaji wangu! Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu. Ningesema, Hadija, hakuna sanduku, na muda ule ule tungekimbia kwa ndugu, kwa msikiti, kwa wale wanaume wa vikao niliowachangia, tungekopa, tungeomba njiani. Tungeokoa saa nne nzima.

Nilisema nini? Nilisema niende mimi kuviuza! Nilifikiri nitazunguka huko, nitapata muujiza. Akakataa. Alisema wanaume wanapunjwa kwenye vitenge, na mtoto ananitaka mimi. Akafunga kanga kiunoni, akaenda.

Nikabaki na mtoto.

Sijui kama mmewahi kungoja jambo mnalolijua. Mimi nilikuwa naliona kama niko naye. Sasa amefika Kinama. Sasa amemwaga karafuu. Sasa anavifunga kwenye shuka, anajitwika. Sasa yuko mjini kwa wauza vitenge. Sasa wanakunjua... Zaina ananiuliza mama anakuja lini, nasema sasa hivi. Muuguzi anapita, anauliza kama tumelipa, nasema mama analeta. Midomo ya mtoto ikawa mikavu, ikapasuka. Tumbo lake likawa gumu kama ubao. Akaacha kulia, na hapo ndipo niliogopa zaidi.

Hadija alirudi saa tisa. Kanga imeraruka upande, uso umevimba. Alikuwa na furushi bado kichwani.

Wauza vitenge walikuwa wamenunua vinne vya juu. Cha tano walipokikunjua, mmoja akakikwaruza kwa ukucha, akacheka. Cha sita vile vile. Halafu wakaacha kucheka. Lebo za kweli kwenye kopi! Wakamwita tapeli, wakamvuta nguo, wakataka hata pesa ya vile vinne irudishwe. Mzee mmoja ndiye aliyemwokoa. Mke wangu, ambaye hajawahi kukosa swala, aliitwa mwizi mbele ya soko zima, akiwa amebeba mizigo ya wizi wangu.

Pesa aliyoleta haikufika hata nusu.

Alikaa chini sakafuni. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama Furaha ameniua. Miaka yote hii... ananiuzia kopi."

Na mimi? Sasa hapa nitasema, na atakayetaka kuchana ukurasa huu achane. Mimi, nikiwa nimeshika kichwa cha mtoto wangu, nilisema kwamba wakimbizi ndivyo walivyo, nilikuonya usimwamini Mkongomani.

Nilisema hivyo! Sikumwonya kamwe. Mama yule aliyekula sahani moja na sisi kila Idi... nilimtupa chini nikapanda juu yake, ili nisionekane.

Haikupita nusu saa akaingia mwenyewe. Alikuwa amesikia mtaani kwamba Zaina amelazwa, amekuja na uji kwenye chupa. Hadija aliruka kama amechomwa moto. Alimtupia lile furushi kifuani, vitenge vikamwagika ukumbini, watu wakasimama. Alimwita muuaji. Alimuuliza Zaina alimkosea nini.

Mama Furaha aliweka chupa ya uji chini. Aliinama akaokota kitenge kimoja, akakishika pembe, akaigeuza. Akaokota cha pili, akageuza pembe. Cha tatu. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta kitu.

Akauliza polepole: "Mama Zaina... uzi yangu iko wapi?"

Hadija akaokota kimoja, naye akageuza pembe. Na mimi nikaelewa kabla hajamaliza kupumua. Kile kiuzi chekundu! Kumbe ilikuwa alama yao wawili. Kila waksi ya kweli aliyomuuzia aliishona pembeni mishono miwili myekundu, akamwambia, siku kitenge changu kikichuja, niletee na uzi wangu nikurudishie pesa yako. Vile vinne vilivyonunuliwa sokoni vilikuwa nao. Hadija aliuona mwenyewe mchana huo. Hivi vingine havina, na havijawahi kuwa nao, kwa hiyo si vile alivyonunua. Mtu ameingia katikati. Mtu anayejua kopo la karafuu, anayejua kubandua lebo, na kukunja mkunjo wa dukani...

Wote wawili walinigeukia. Mkasi wangu mdogo ulikuwa unaning'inia shingoni kwa kamba yake, kama siku zote.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimesikia methali hiyo tangu utoto, sikujua kwamba siku moja nitakuwa mimi huyo mdudu.

Hadija aliniuliza neno moja. "Ngapi?"

Nikasema, kumi na ine.

Nilingoja anipige. Angenipiga ningeshukuru. Lakini aliniangalia tu, kisha akamwangalia Mama Furaha, akafungua mdomo kumwomba radhi. Mama Furaha akamziba mdomo kwa kiganja.

"Mutoto kwanza," akasema. "Maneno ni kesho."

Akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ilikuwa pesa ya kwenda Uvira kesho yake, mtaji wake wote. Hakuihesabu. Aliiweka dirishani pale wanapolipia, wakachukua walichotaka, ikabaki kidogo sana.

Zaina aliingizwa kupasuliwa jua likikaribia kuzama. Daktari alipotoka alisema usaha ulikuwa umeenea tumboni kote, na kwamba angepasuliwa mara tu tulipofika, hali ingekuwa nyingine. Alisema bila kumlaumu mtu, hakujua anaongea na nani. Alipasuliwa mara ya pili baada ya siku nne. Alikaa wiki saba hospitalini, akabaki mifupa, nywele zikanyonyoka. Kovu lake limeanzia kitovuni likashuka hadi chini.

Aliishi. Alhamdulillahi, aliishi! Lakini msidhani mkasa uliisha hapo.

Mama Furaha alikaa miezi bila kitenge begani. Nilimwona kwa macho yangu akibebea watu magunia ya mkaa kwa ujira, mwanamke wa umri wa kuitwa bibi. Nilipokwenda kumpigia magoti alinikatiza, akasema nisimpigie yeye magoti, nirudishe tu. Na wale wanaume wa vikao? Niliwaendea mmoja mmoja wiki zile za hospitali. Wawili walinipa kitu. Wengine walisema wana harusi.

Hadija hakurudi Kinama. Siku Zaina aliporuhusiwa alimchukua moja kwa moja kwa mama yake, Buyenzi. Alituma mtu kuchukua nguo zake na karai la mandazi. Sanduku aliliacha. Aliagiza niambiwe kwamba vilivyomo ni vyangu, mimi ndiye niliyevinunua.

Basi ninalala chumba kimoja nalo. Lina kopi kumi na nne, zile nilizoziokota ukumbini, na harufu ya mafuta ya taa. Nimeshindwa kuziuza, na kuzitupa pia nimeshindwa.

Sasa nami nina sharti langu. Kila siku kazi ya kwanza, iwe pindo la suruali au zipu, malipo yake si ya kodi wala si ya chakula. Siku ikikosa mteja wa pili silali nimeshiba. Sikwenda tena kwenye kikao chochote. Nilianza na deni la Mama Furaha, na nilipolimaliza nikampa bei ya waksi moja ya kweli. Alikwenda Uvira akarudi nayo. Alinikalisha mbele yake, akatunga uzi mwekundu kwenye sindano, akashona mishono miwili pembeni. Mimi fundi nilikaa nikitazama kama mwanafunzi.

Ninyi mnaosoma, mliooa na ambao bado: msimcheke anayeweka akiba kidogo kidogo. Kidogo kile ndicho daktari, ndicho nyumba, ndicho sanda. Na kama mmoja nyumbani anaweka, mwingine asiseme nitachukua nitarudisha. Hutarudisha! Na kama umeshachukua, jamani, sema. Sema leo, kabla mtoto hajashika tumbo. Utatukanwa, utalala nje, lakini ni afadhali mara mia kuliko kukaa kwenye benchi unangoja mkeo arudi kutoka sokoni.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilikwenda Buyenzi na kile kitenge kimoja mkononi. Hadija hakutoka. Alitoka Zaina, amenenepa kidogo sasa, nywele zimeota. Alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo baba," akakipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Nilidhani ataingia nacho ndani.

Alichuchumaa pale pale kizingitini. Akakishika pembe, akaigeuza, akapitisha kidole chake kidogo polepole hadi alipofika kwenye uzi. Akauvuta kidogo kuona kama umeshonwa kweli. Halafu akageuza kichwa, akaita ndani ya nyumba:

"Iko, mama!"

Binti yangu ana miaka kumi. Nawasihi, msimfikishe mtoto wenu mahali pa kukagua anachopewa na baba yake.